Zabibu kwenye Lami: Nilivyojifunza Upya Kupita Kipilefti

Zabibu zilikuwa zimetapakaa kwenye lami, nyingine zimeshapondwa na gari lililopita nyuma yangu, na ndoo nyeupe ya plastiki ilikuwa imebingirika mpaka kwenye kingo za kipilefti, ule mzunguko wa magari kwenye makutano. Kijana wa bodaboda alikuwa amekaa chini, amepandisha mguu mmoja wa suruali, anaangalia goti lake. Nilishuka garini miguu ikitetemeka, nimejiandaa kutukanwa. Hakunitukana. Alinitazama usoni, akauliza kwa sauti ya mtu anayetaka kuelewa kweli: "Mama, si umeniambia unatoka?"

Nikamjibu kwamba sikusema hivyo. Nilikuwa nanyoosha, ndiyo maana nikawasha hazadi, yaani indiketa zote mbili kwa pamoja.

"Mimi nimeona hii," akasema, akanyoosha kidole kwenye taa ya kushoto ya gari langu. Ilikuwa bado inawaka na kuzima.

Hiyo ilikuwa Dodoma, asubuhi ya mwezi wa tatu, kwenye kipilefti cha leni mbili. Mungu alisaidia: nilikuwa mwendo mdogo, yeye ndiyo kwanza anaondoka, pikipiki ikagusa ubavu wa gari ikalala. Goti lilichubuka, hakuvunjika kitu. Nilimpeleka zahanati wakamsafisha kidonda, nikalipa, nikalipa na zabibu za watu, nikamrudisha kijiweni kwao. Pale kijiweni wenzake ndio waliomlaumu. Wakamwambia kosa ni lake, kwenye kipilefti unampisha anayetoka kulia kwako, hilo kila dereva analijua. Kisheria walikuwa na hoja. Lakini kijana yule alikuwa amemwangalia wa kulia kama inavyotakiwa, na wa kulia nilikuwa mimi, na taa yangu ilimwambia kwamba naishia kwenye barabara yake, sitafika mbele yake. Aliniamini. Hilo ndilo lililoninyima usingizi usiku ule. Nilikuwa na miaka 11 barabarani, leseni safi, sijawahi kumgusa mtu.

Nianze na hazadi, kwa sababu najua sikuwa peke yangu. Hakuna mwalimu wa udereva aliyenifundisha kuwasha hazadi ninaponyoosha kwenye makutano. Niliokota barabarani, kwa kuwatazama walionitangulia. Na mtu ukiifikiria haraka haraka inaonekana ina mantiki: taa ya kushoto ni kushoto, ya kulia ni kulia, basi zote mbili ni katikati. Kumbe hazadi zina kazi yake moja, kusema kwamba gari hili limeharibika au limesimama mahali pa hatari. Na ubaya wake unazidi kwenye kipilefti kuliko mahali pengine popote, kwa sababu pale gari lako linazunguka. Anayesubiri kuingia, kwa muda mrefu anakuona kwa upande wa kushoto, upande ule ule mmoja, kabla hajakuona uso mzima. Anaona taa moja inapepesa. Atajuaje kama na ya pili inawaka? Halafu lipo jingine ambalo sikuwahi kulifikiria: ukishawasha hazadi, ile ishara ya kutoka, ambayo ndiyo inayosubiriwa na kila mtu pale, huna tena namna ya kuitoa.

Mwisho wa wiki ile mjomba wangu alipita kwetu akitokea Singida. Mjomba ameendesha tela kati ya Dar es Salaam na Kigali kwa miaka mingi mpaka alipostaafu. Nilimwamkia, akaitikia, hata hajakaa vizuri akasema, "Nimesikia umemwangusha mtu."

Nikamweleza yote. Hakusema kitu mpaka chai ilipoletwa. Akavitoa vikombe kwenye sinia akaviweka mezani, sinia likabaki tupu, akaweka kibakuli cha sukari katikati. Vijiko vinne akavilaza pembeni ya sinia kama barabara nne. Kiberiti kimoja kikawa gari langu. Kifuniko cha chupa ya soda kikawa bodaboda, akakiweka kwenye kijiko cha kushoto kwangu, mdomoni kabisa.

"Sisi tunaendesha kushoto," akasema, "kwa hiyo tunazunguka kama mishale ya saa. Kibakuli kiko kulia kwako muda wote. Sawa? Sasa huyu wa kifuniko anataka kujua kitu kimoja tu. Kitu gani?"

"Naenda wapi."

"Hapana, mwanangu. Uende Singida, uende sokoni, yeye inamhusu nini? Anataka kujua kama utapita mbele yake au hutapita. Basi."

Nimekaa na maneno hayo tangu siku ile. Nilikuwa nimeikariri indiketa kama kitu cha kueleza safari yangu, ninatoka huku naelekea kule. Mjomba aliigeuza, ikawa jibu la swali la mtu mwingine. Akanifanya nikisogeze kile kiberiti kidogo kidogo kuzunguka sinia, na kila nikikaribia kijiko ananizuia mkono na kuuliza: aliye hapa anajua nini sasa hivi?

Ukienda kushoto, njia ya kwanza, jibu ni jepesi: unashika leni ya kushoto, unawasha kushoto kabla hujaingia, unaiacha mpaka utoke. Ukinyoosha, unaingia bila indiketa yoyote. Hapo ndipo wengi hushikwa na wasiwasi, wanaona kama wamenyamaza. Lakini kule kunyamaza ndiko kunakomwambia mtu wa njia ya kwanza kwamba utapita mbele yake, asubiri. Ukishaipita tu njia ya kwanza, hapo hapo unawasha kushoto, na mtu wa njia ya pili anajua unaishia kwake. Ukienda kulia, unashika leni ya ndani, ile ya karibu na kibakuli, unawasha kulia tangu mbali, unazunguka nayo ikiwaka. Ukiipita njia ya pili unabadilisha, unawasha kushoto, unatazama kioo, unatoka. Ukirudi ulikotoka ni vile vile, ila unaongeza kijiko kimoja.

Ninavyoandika hapa inaonekana rahisi. Kwenye sinia pia ilikuwa rahisi. Jumapili asubuhi, kabla watu hawajatoka makanisani, mjomba akanipeleka kwenye kipilefti kile kile, akakaa kushoto kwangu, akaniambia nizunguke nikisema kwa sauti. Nikawa nasema: napita, napita, natoka. Mzunguko wa tatu nikagundua mkono wangu unachelewa. Gari langu la Kijapani lina kijiti cha indiketa upande wa kulia wa usukani, na nilipokuwa nimewasha kulia halafu nikakata kushoto kidogo ili niingie, kijiti kilijirudisha chenyewe kwa mlio mdogo, tak, taa ikazimika. Miaka yote ile nilidhani ninazunguka na taa ya kulia ikiwaka. Mara ngapi ilikuwa imezima bila mimi kujua? Tangu siku hiyo nikishaingia navizia ule mlio, nikiusikia nakisukuma kijiti tena.

Na ile taa ya kushoto ya kutoka inataka wakati wake hasa. Ukiiwasha mapema, kabla hujaipita njia iliyo kabla ya yako, umemdanganya aliyeko pale, na hicho ndicho nilichomfanyia kijana wa zabibu. Ukiichelewesha mpaka umeshaanza kukata kona, haimsaidii mtu, ameshasimama bure na walio nyuma yake wamesimama bure. Nafasi yenyewe ni fupi sana, kwenye kipilefti kidogo ni kama urefu wa magari mawili au matatu. Alama yangu mimi ni kioo cha kushoto: barabara nisiyoitaka ikishaanza kuonekana kwenye kioo, nawasha.

Leni ndizo zilizonichukua muda mrefu zaidi, na bado naziheshimu kuliko taa. Kwenye kipilefti cha leni mbili kosa baya ni kutoka ukiwa leni ya ndani bila kumwangalia aliye leni ya nje. Unakuwa umemkata mtu ambaye huenda ana haki ya kuendelea kuzunguka. Siku moja, kabla ya haya yote, niliwahi kukosa nafasi ya kutoka, nikalazimisha, bajaji ikapiga honi ndefu, mimi nikaona bajaji ndiyo yenye fujo. Sasa nikikosa nafasi ninazunguka tena. Ni nusu dakika. Kipilefti ni mahali pekee barabarani ambapo ukipitwa na njia yako, njia inakurudia yenyewe, na sioni kwa nini mtu auze usalama wa mwenzake kwa nusu dakika. Halafu leni unachagua kabla hujaingia. Mishale iliyochorwa chini ndiyo yenye neno la mwisho. Ikisema leni ya kushoto ni ya kushoto tu, basi ni ya kushoto tu, hata kama kwingine umezoea kunyooshea hapo. Tabu ni kwamba rangi nyingi zimefutika, na kwenye foleni hazionekani hata zikiwepo, kwa hiyo inabidi uijue barabara yako na uwe mpole unapokuwa mgeni.

Kuhusu malori mjomba hakutaka nizungumze, alizungumza mwenyewe. Tela refu haliwezi kukaa ndani ya leni moja kwenye mzunguko. Kichwa kinakwenda njia yake na mkia unakata ndani. Dereva wa tela anapokalia leni zote mbili mlangoni mwa kipilefti, watu humwona ana kiburi, kumbe anazifunga makusudi ili mtu asijipenyeze ubavuni mwake. Akikata kushoto kuingia, na tena akikata kushoto kutoka, tairi za nyuma zinasogea kushoto kuliko za mbele, na hapo hapo ndipo bodaboda na bajaji hupenda kupita. "Pale mimi simwoni," alisema. "Kioo kinaonyesha tela tu." Aliyasema haya macho yake yako kwenye sinia, na kifuniko cha soda alikishika mkononi muda mrefu kabla ya kukirudisha. Sikumuuliza aliona nini katika miaka yake. Nikiliona tela linakaribia kipilefti sasa ninabaki nyuma yake, hata nikipigiwa honi.

Jina lenyewe la kipilefti tumelichukua kwenye kibao cha Waingereza kinachomwambia dereva ashike kushoto, "Keep Left", na watu wakaliona lina "ki" mwanzoni, wakaliundia na wingi wake, vipilefti. Sheria ya kumpisha anayetoka kulia nayo ilikuja kutoka kwao, na nilishangaa kusoma kwamba hata huko Uingereza iliwekwa mwaka 1966 tu. Kabla ya hapo vipilefti vyao vilikuwa vinajifunga. Kufunga huko tunakujua. Kila anayeingia akichomekea mbele ya aliye ndani, aliye ndani anashindwa kufika mahali pake pa kutokea, anawazuia walio nyuma yake, na kipilefti kizima kinasimama wakati barabara zote nne mbele yake ziko tupu. Nimekaa hivyo Dar es Salaam pale kwenye sanamu ya Askari, Samora, nikimwangalia yule askari wa shaba aliyesimama pale tangu 1927 huku daladala na teksi zikibanana kumzunguka, na hakuna hata mmoja anayeweza kutoka. Wahandisi wanasema makutano ya kawaida ya barabara nne yana sehemu 32 ambapo njia za magari zinakutana, na kipilefti cha leni moja kina 8. Faida hiyo yote imejengwa juu ya jambo moja, kwamba anayeingia anampisha aliye ndani. Na aliye ndani ana wajibu wa kumjulisha anayesubiri. Vijana wa kijiweni walilijua lile la kwanza vizuri. Hili la pili hakuna aliyelitaja siku ile, wala mimi.

Mwaka uliofuata dada yangu aliyeolewa Kigali alijifungua, nikaamua kwenda kwa gari, mjomba akasema ananisindikiza. Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, hadi Rusumo, mpakani na Rwanda. Unafika kwenye Mto Kagera umeshika kushoto, upande wa pili unaendelea umeshika kulia, na kipilefti chote kinageuka. Rwanda wanazunguka kinyume cha mishale ya saa. Kisiwa kinakuwa kushoto kwako, unawapisha wanaotoka kushoto, njia ya kutokea iko kulia. Na mimi gari langu usukani uko kulia, kwa hiyo nilikuwa nimekaa upande wa mtaro, aliyekuwa karibu na magari ya wenzangu ni mjomba.

Kipilefti kikubwa cha kwanza kilichonitia hofu ni kile cha pale kwenye jumba la mikutano la Kigali, lenye kuba linalowaka rangi usiku. Tulifika jioni. Nilijaribu kuligeuza kichwani kila nililokariri: kushoto iwe kulia, ndani iwe... Nikachanganyikiwa, nikapunguza mwendo mno. Mjomba akasema taratibu, "Acha kukumbuka. Nani anakusubiri?" Nikamwona dereva wa pikipiki na abiria wake, wote wawili wamevaa helmeti, wamesimama kwenye barabara inayofuata upande wangu wa kulia, wananitazama. Nilikuwa naishia kwenye barabara hiyo hiyo. Mkono ukawasha kulia wenyewe. Pikipiki ikaondoka, ikaingia kwa utulivu kabisa, nami nikatoka. Kama ningebaki na kanuni ya kushoto na kulia peke yake, sijui ningefanya nini pale.

Kurudi kulikuwa na hatari kuliko kwenda. Wiki mbili zilitosha macho yangu kuzoea kutazama kushoto kwanza. Tulipovuka Rusumo kuja huku, mjomba alifunga kipande cha kitambaa chekundu upande wa kulia wa usukani, na kila makutano nikiona kile kitambaa nakumbuka kutazama kulia. Nilikaa nacho mwezi mzima.

Kuna watu wengine kwenye kipilefti ambao nimechelewa kuwazungumzia, wale wa miguu. Zebra mara nyingi iko pale pale unapotoka, na unatoka huku akili yako bado iko kwenye magari, mguu umeshaanza kuongeza mafuta. Mwanafunzi aliyesimama pale ukingoni naye anasoma taa yako. Dereva anayetoka bila kuonyesha anamkuta mtoto amekwishaingia barabarani akiamini gari linaendelea kuzunguka. Hapo mimi nimeondoa mguu kwenye mafuta kabisa, kila mara, awepo mtu au asiwepo.

Yule kijana tunajuana sasa. Goti lilipona, bado anabeba zabibu msimu ukifika, na hunipigia simu akiwa na nzuri. Mwezi uliopita nilikutana naye pale pale. Yeye alikuwa mdomoni mwa barabara yake, mimi nazunguka, naishia kwake. Niliipita njia ya kwanza, nikaiona kwenye kioo, nikawasha kushoto, kushoto peke yake, mapema na waziwazi. Nafasi ilikuwepo ya kutosha. Hakuondoka. Alikuwa ameshika breki, ameinama kidogo, macho yake yako kwenye tairi langu la mbele, na alibaki hivyo mpaka tairi lilipokata kona na gari zima likaingia barabarani kwake. Nilipompita aliinua mkono akanisalimu. Jioni nilimuuliza kwa simu kwa nini hakuingia, na taa aliiona.

"Niliiona, mama," akasema. "Ila siku hizi taa siifuati. Nasubiri tairi."